Uharamia: Neno Lenye Hukumu Ndani Yake
Mwaka 2004 chama cha makampuni makubwa ya filamu ya Marekani kilieneza tangazo lililotaja wizi wa gari, mkoba na televisheni, kisha likaweka upakuaji wa filamu katika safu hiyohiyo. Hoja hiyo ni sitiari. Aliyeibiwa gari hubaki bila gari. Filamu iliyonakiliwa hubaki kwa mwenyewe, naye hukosa malipo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kueleza mwaka 1985, katika kesi ya Dowling, kuwa kukiuka hakimiliki hakulingani moja kwa moja na wizi. Kiswahili nacho husema uharamia, neno lenye mzizi mmoja na haramu. Basi hukumu hutangulia maelezo. Hasara ya msanii ni ya kweli, nayo yastahili jina lake halisi.