Chanjo ya Kifua Kikuu Ndani ya Kibofu

Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, Mkenya huwa nalo kwenye kigasha cha mkono wa kushoto, Mtanzania kwenye bega la kulia. Tulichanjwa tukiwa wachanga, tukasahau. Wachache wanajua kuwa bakteria wa chanjo hiyo hiyo hutibu saratani ya kibofu cha mkojo, na kwamba hii ni miongoni mwa tiba kongwe zaidi za kuamsha kinga ya mwili ambazo bado zinatolewa hospitalini.

Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin waliwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13, wakiwahamisha kutoka chombo hadi chombo mara 230, mpaka ukali ukawaishia. Mtoto wa kwanza alichanjwa Paris mwaka 1921. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, akachapisha matokeo ya wagonjwa 9 aliowawekea chanjo hiyo kibofuni, mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Kwa nini 6? Chanjo ilikuja kwenye boksi la chupa 6. Hadi leo awamu ya kwanza ya tiba huchukua wiki 6.

Dawa hupitishwa kwa mpira wa mkojo, na mgonjwa huibana kwa takribani saa mbili. Bakteria hujishika kwenye ukuta wa kibofu, chembe nyeupe za damu humiminika kuwakabili, na katika mapambano hayo seli za saratani nazo huuawa. Mgonjwa anaweza kupata homa na kukojoa kwa maumivu siku moja au mbili. Kwa saa 6 za mwanzo hukojoa akiwa amechuchumaa au ameketi, kisha humwaga jiki chooni, kwa kuwa bakteria hao wako hai. Chupa ya kliniki ya watoto haifai kwa kazi hii: dozi ya kibofuni ni kubwa mara nyingi zaidi.

Ninasisitiza haya kwa sababu sokoni kuna unga na maji ya chupa yanayouzwa kwa ahadi ya "kuongeza kinga" na kuponya kila saratani. Wanaouziwa ni watu walioogopa, na fedha inayoliwa ni ya matibabu. BCG haitibu kila saratani. Inafaa uvimbe ulioanzia kwenye utando wa ndani wa kibofu na ambao haujaingia kwenye misuli, na hutolewa baada ya daktari kuukwangua. Ukishazama kwenye misuli, kinachozungumzwa ni upasuaji mkubwa, mionzi na dawa za mishipani.

Kwetu kuna jambo jingine zito. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Pemba, Unguja na vijiji vingi vya bara, kikikaa kibofuni miaka mingi huweza kuleta saratani ya aina nyingine, ambayo BCG haiisaidii sana. Huko kinga halisi ni prazikwanteli na maji salama. Kuna wazee waliokulia ambako mvulana kukojoa damu kulionekana ni dalili ya kubalehe. Wakiiona damu ukubwani hunyamaza.

Mwenye damu kwenye mkojo, hata iliyotoka mara moja bila maumivu, aende akapimwe. Akiambiwa ni uvimbe, aulize mawili: ni wa aina gani, na je, umeingia kwenye misuli?