Dirisha la Matatu ya Meru

Sogeeni karibu, wajukuu na wapwa, niwasimulie safari moja ya baridi.

Nilikuwa natoka Embu kwenda Meru na mpwa wangu, binti wa miaka tisa, mwenye maswali mengi kuliko mifuko. Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya kwetu. Ukungu hushuka kutoka mlimani, ukakaa juu ya majani chai kama mgeni asiyeaga. Matatu ilijaa. Abiria kumi na wanne, katoni moja ya vifaranga, na madirisha yote yamefungwa ndii.

Nikafungua letu. Kidogo tu.

"Mjomba, mbona unafungua dirisha na kuna baridi?"

Vyema! Mtoto anayeuliza hivyo mpe ndizi mbili. Nikamwambia, "Sikiliza kule nyuma."

Kho! Kho! Kulikuwa na mtu anakohoa.

Akataka kugeuka. Nikamshika bega. Hatumkodolei mtu macho kwa sababu anakohoa. Labda ni mafua. Labda ni vumbi la mahindi. Labda ni kifua kikuu, ile TB. Ukimtazama usoni huwezi kujua, na yeye mwenyewe huenda hajui.

"Lakini kama ni TB," nikasema, "kuna msafiri mwingine humu ndani. Hakulipa nauli. Msikilize anavyosema."

*Mimi ni kidudu cha TB. Sina miguu, sina mabawa. Nangoja mtu akohoe, au acheke, au aimbe. Hapo hapo napanda kitone kidogo cha mate na kuelea. Fungeni dirisha, jamani, baridi! Dirisha likifungwa, hewa ya huyu ni hewa ya yule, nami naelea kwa saa nyingi. Likifunguliwa, upepo unanitupa nje, na huko jua linanimaliza. Kwa hiyo nawasihi: fungeni dirisha, jamani, baridi!*

"Na kikombe je?" akauliza mpwa wangu. "Kikombe cha mgonjwa?"

*Mimi sipandi kikombe, mtoto. Wala sipandi mkono wa salamu. Watu humtengea mgonjwa kikombe chake na sahani yake. Kisha usiku wanalala naye chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa gunia. Mimi hucheka!*

Kidudu huyu ni mjanja, lakini hana haraka. Bakteria wengine wa tumboni hujigawa wakawa wawili kwa dakika ishirini hivi. Huyu huchukua karibu siku nzima. Wale ni kunde, mvua ikinyesha leo, keshokutwa zimechipua. Huyu ni mkadamia. Unaupanda, unausahau, na siku moja unakuta umefika paani. Alijificha miaka mingi bila kuonekana, mpaka tarehe 24 Machi 1882, daktari Robert Koch aliposimama Berlin, Ujerumani, akawaambia wenzake kwamba amemwona. Ndiyo maana kila tarehe 24 Machi dunia huadhimisha siku ya TB.

Tulipovuka mto Thuci, mpwa wangu alikuwa amenyamaza. Mtoto huyu akinyamaza, ujue swali linaiva.

"Mjomba, basi kila aliyevuta hewa ya kidudu ataugua?"

La. Wengi hawaugui. Unakumbuka cucu, nyanya yako, usiku anavyofukia kaa la moto kwenye majivu? Kaa liko hai, lakini haliunguzi kitu. Mwili wako nao humfukia kidudu hivyo hivyo. Katika watu kumi waliomvuta, tisa au zaidi hukaa na majivu yao maisha yote. Mtu huyo hakohoi na hamwambukizi mtu. Lakini majivu yakipeperushwa na njaa, uzee, au virusi vya ukimwi, kaa huwaka. Na mtu mmoja akiwaka bila kutibiwa, kwa mwaka mmoja anaweza kuwaambukiza watu kumi, hata kumi na watano. Huo ni mzigo wa matatu nzima kutoka kwa mtu mmoja.

Je, tunampataje kabla hajajaza matatu?

Hapo ndipo wanapoingia watu wa epidemiolojia. Jina ni refu kama barabara hii, lakini kazi yao ni kuuliza, kama wewe. Nani anaugua? Wapi? Tangu lini? Alilala na nani? Ukimwona mhamasishaji wa afya ya jamii anaingia uani na begi lake mgongoni, baada ya jirani kupatikana na TB, usidhani amekuja kuchunguza sufuria zenu. Anafuata nyayo za kidudu. Anauliza kila aliyeishi na mgonjwa. Na mtoto mdogo wa nyumba hiyo, hata kama haugui, huweza kupewa dawa ya kumkinga.

Sasa twende kwa shangazi yako kule Mbeere. Amevuna ndengu. Ndengu zina mawe. Anafanya nini?

"Anachekecha!"

Anachekecha. Na hapa fungua masikio, kwa sababu wakubwa wengi hawajalielewa jambo hili. Chekeche la matundu mapana huachia ndengu zote zipite, lakini mawe nayo hupita, na jino la mtu litavunjika. La matundu membamba huyazuia mawe yote, lakini huzuia na ndengu nono zisizo na kosa. Hakuna chekeche lisilokosea. Shangazi huchagua lipi? Lenye matundu membamba. Kisha zile zilizobaki juu huzimwaga kwenye uteo, akazichambua kwa mkono, moja moja.

Kupima TB ni hivyo. Chekeche ni maswali. Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Ukijibu ndiyo, umebaki juu ya chekeche. Hujaambiwa wewe ni jiwe! Pengine ni ndengu nono tu. Unatoa makohozi, yanapimwa kwenye mashine, na huko ndiko kwenye uteo.

Kati ya mwaka 2015 na 2016 Kenya ilichekecha watu wazima zaidi ya 63,000 katika pembe mbalimbali za nchi. Nikamwambia mpwa wangu agawanye kwa kumi na wanne. Akatumia vidole, akatumia kioo chenye ukungu kuandikia. Matatu 4,500! Ndani yake walipatikana wagonjwa 305. Ni kama mmoja katika kila matatu kumi na tano hivi. Na wengi wao hawakuwa na kikohozi cha wiki mbili, kile tulichozoea kukingoja. Picha ya kifua ndiyo iliyowafichua.

"Kwa hiyo mtu asiyekohoa pia anaweza kuwa naye?"

Anaweza. Ndiyo maana nilikukataza kumkodolea macho yule wa nyuma.

Tulifika Nkubu na njaa, tukala muthere, ambao nyinyi wa Embu mnauita githeri. Nikamwonyesha sufuria ya mama muuzaji. Sufuria ya muthere huanza kunukia mapema. Ukiiepua kwa sababu inanukia, utatafuna mahindi magumu. Dawa za TB humezwa miezi sita. Baada ya mwezi au miwili mgonjwa hunenepa, kikohozi hukata, sufuria imenukia. Akiacha hapo, vidudu vigumu vilivyobaki hurudi vikiwa sugu, na dawa ile ile haviiogopi tena. Mimi nina mtu wa ukoo aliyeepua sufuria mapema. Alirudia matibabu kutoka mwanzo, na safari ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Na haikuwa pesa iliyomshinda, maana dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Tuliporudi garini, mpwa wangu aliwahi kiti cha dirishani. Abiria mmoja akasema, "Fungeni dirisha, jamani, baridi!" Mtoto akanitazama. Tulicheka mpaka kondakta akauliza kuna nini.

Na wewe unayesoma, kunja mkono wa kushoto wa shati. Karibu na katikati ya mkono, chini ya kiwiko, kuna kovu dogo la mviringo? Hiyo ni alama ya chanjo ya BCG, uliyodungwa ulipozaliwa ili kidudu huyu asikupate vibaya ukiwa mchanga. Kama hulioni, kamuulize mama.