Ushauri wa lishe: Je, ukilipia ndipo utapungua uzito?



Ndugu msomaji, wakazi wa Ngara na Biharamulo bado wanaikumbuka kambi ya Lukole, iliyohifadhi wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Siku zile mtoto alipopandishwa kwenye mizani, hofu ilikuwa asije akawa amekonda, na ushauri wa lishe ulitolewa bure. Leo huku huku wako watu wazima wanaopanda mizani kwa hofu ya kunenepa. Takwimu za taifa za mwaka 2004-05 zilionyesha kuwa wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2015-16 walifika 28. Uzito huo huleta shinikizo la damu na kisukari.

Anapoambiwa apunguze, mtu husema: "Kitu cha bure hakithaminiwi. Nikimlipa mtaalamu nitafuata masharti." Je, ni kweli?

Sadaka kabla ya ushauri

Katika Suratul-Mujaadalah, aya ya 12, waumini waliamrishwa kutoa sadaka kabla ya kuzungumza na Mtume (S.A.W.) faragha. Wafasiri wanaeleza kuwa watu walikuwa wamezidi kumuuliza hata ikawa uzito kwake. Sadaka ile haikuwa malipo yake, na asiye na kitu alisamehewa. Kisha aya ya 13 ikauondoa wajibu huo, ikawakumbusha sala, zaka na utii. Tunapata funzo hapa: kutoa mali kunaweza kumtenganisha mwenye haja na asiye na haja, lakini kinachomjenga mtu ni jambo analolirudia kila siku.

Tafiti zinasemaje?

Huko Kenya, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwapa baadhi ya wajawazito vyandarua bure, na wengine waliuziwa kwa bei ndogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa walionunua hawakuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Ila bei ilipopanda, waliovichukua walipungua mno. Chandarua si mlo, lakini hoja ya "cha bure hakithaminiwi" haikusimama.

Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2008 uliwataka watu wanene waweke fedha zao rehani, na asiyepungua azikose. Kwa wiki 16 walipungua wastani wa kilo 6 hivi, na wasioweka kitu hawakufika kilo 2. Lakini mpango ulipokwisha, sehemu kubwa ya uzito ilirudi. Fedha iliamsha nia, haikuidumisha.

Kabla hujatoa fedha

Muulize anayekushauri: Amesomea wapi? Atanipima tena lini? Je, anauza pia chai au unga wa kupunguza tumbo? Akikuharakisha ununue dawa, huyo ni mfanyabiashara. Halmashauri za wilaya zina maafisa lishe. Waulizie katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usiikate fedha ya maharage ya watoto ili ulipie maneno unayoweza kuyapata huko.

Kinachosaidia ni haya:

1. Jipime kila wiki, siku ile ile, na uandike. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 hadi 9 tu, afya yake hunufaika sana.

2. Punguza sukari kwenye chai, soda, maandazi na mafuta ya kukaangia. Sahani ya ndizi au ugali ipungue, mboga za majani ziongezeke.

3. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki.

4. Nyumba nzima ile mlo mmoja. Mama hawezi kujizuia peke yake wakati sinia limejaa vya kukaanga.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha tuache theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi, na funga ya Jumatatu na Alhamisi ni sunna. Lakini mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari amwone tabibu kwanza kabla ya kufunga au kupunguza chakula.

Mwenye uwezo na alipe, hana dhambi. Asiye nacho asidhani nia yake ni pungufu. Mwili ni amana, na tutaulizwa tumeutunza vipi.

Allah atujaalie afya njema. Wabillahi tawfiq.