Nani Atamnyoa Mtoto Huyu?

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba anaijua Njombe kwa mbatata zake na, siku hizi, kwa maparachichi. Aliyewahi kufika huko anaijua kwa baridi. Mji wenyewe umekaa milimani, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai mtoto hatoki nje bila kofia ya sufu. Ni kofia ya namna hiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Tulikuwa Makambako, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Njombe, pale barabara itokayo Songea inapoungana na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA inapopita. Gari letu lilikuwa kwa fundi. Upepo wa Makambako hausimuliwi, ila aliyepigwa nao anaujua. Basi tukajificha katika kibanda cha kinyozi. Humo tulimkuta mama mmoja wa Kizungu, mkazi wa Njombe kwa miaka kadhaa, pamoja na mtoto wa kiume wa miaka kama sita, mweusi kama sisi, ambaye ni mwanawe wa kulea. Mama alitusalimu kwa Kibena, 'Kamwene', kisha akaendelea kwa Kiswahili safi. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu aliyoivuta mpaka kwenye nyusi.

Walikuwa wamesafiri kutafuta kinyozi. Ndugu msomaji asicheke. Njombe haina upungufu wa vinyozi, na wawili kati yao walikwisha kumshika mtoto yule. Wa kwanza alimnyoa upara bila kuuliza neno. Wa pili alimtajia mama shilingi 5,000 kwa kichwa ambacho mtoto wa jirani hutozwa 1,000, na alipoanza kazi watu wakajaa mlangoni kutazama mtoto wa Mzungu asiye Mzungu, wengine wakicheka kwa sauti, hata mtoto akalia na kazi ikaachwa nusu. Tangu siku ile mama alijitwika kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Alizichana nywele za mtoto kwa kitana chake, kitana cha meno membamba kilichotengenezwa kwa ajili ya nywele za singa, nazo zikakatika. Aliziosha kila siku kama anavyoziosha zake, nazo zikakauka. Mwisho akamvika kofia, mchana na usiku, na sufu ikazidi kuzila.

Kinyozi wa Makambako hakukimbilia mashine. Alipokea shikamoo ya mtoto, akaweka ubao juu ya mikono ya kiti ili apate kimo, akamkalisha, akamwuliza: 'Baba, unataka tukunyoe vipi?' Mama alituambia baadaye kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto wake swali hilo, hata yeye mwenyewe. Kisha kinyozi akaivua ile kofia polepole, akakigeuza kichwa upande wa mwanga, akanyamaza.

'Mama, njoo uone,' akasema. Nyuma ya sikio palikuwa na mabaka mawili ya mviringo, nywele zimekatika karibu na ngozi, na ngozi yenyewe imetoa magamba. 'Haya ni mapunye. Leo sinyoi. Nikinyoa nitayatembeza kichwa kizima, na mashine yangu itampelekea mtoto mwingine. Mpeleke hospitali wampe vidonge. Mafuta peke yake hayatoshi.' Pesa alikataa.

Alisema kweli. Mapunye ni kuvu anayeingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Tiba yake ni vidonge, kama griseofulvin, vinavyomezwa kwa majuma kadhaa. Ni ugonjwa wa kawaida mno kwa watoto wa rika lile, na mama wa Kibena, au wa Makunduchi, angeutambua kwa kutupa jicho. Huyu alidhani ni ukavu, akapaka mafuta ya nazi kwa miezi miwili. Hatumlaumu. Hakuna aliyemwambia. Afisa wa serikali alikwisha kuitembelea nyumba ile mara kadhaa kabla na baada ya mtoto kukabidhiwa. Alihesabu vyumba, akatazama chandarua, akauliza kipato. Kofia hakuivua.

Hapo ndipo penye neno letu kwa wahusika.

Njombe si mahali pa kuchukulia jambo la watoto wa kulea kuwa dogo. Mkoa huo, uliozaliwa mwaka 2012 kutokana na Iringa, ndio ulioonekana katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 kuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kuliko mikoa yote, asilimia 11.4 ya watu wazima. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo watoto waliobaki na bibi zao, waliobaki na kaka zao, na waliobaki bila mtu. Wengi wamelelewa na ndugu na majirani, na hilo ni jambo la kujivunia. Wachache wamepata wazazi miongoni mwa wageni waliokuja na misheni za Kilutheri na za Kikatoliki, na hospitali na mashamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipotungwa haikumfungulia mgeni mlango kijinga: ilimtaka awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, kabla mahakama haijampa amri ya kumwasili.

Miaka mitatu ni mingi. Katika muda huo mtu aweza kujifunza lugha, kupika ugali, kujua bei ya kuni. Lakini aweza pia kuimaliza yote asijue jinsi ya kukishika kichwa cha mwanawe, kwa sababu yeye mwenyewe hujikata nywele mara mbili kwa mwaka akiwa likizoni kwao.

Nywele za kipilipili si nywele za singa zilizokosa adabu, kama wengine wanavyodhani. Zina kanuni zake. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye shina lililopinda, ukajisokota. Mafuta ya asili ya ngozi, ambayo kwenye singa huteremka bila kizuizi, hapa hukwama kwenye misokoto. Ndiyo maana hukauka upesi, na ndiyo maana kuuosha kila siku ni kuutesa. Huoshwa mara moja kwa juma, huchanwa ukiwa na maji kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda shinani, kisha hupakwa mafuta. Naye kinyozi anayejua kazi hapeleki wembe mpaka ngozini kisogoni mwa mtoto, kwani unywele uliojipinda ukikatwa mno hurudi ukachoma ngozi kwa ndani, ukaleta vipele ambavyo kwa wengine huwa makovu ya maisha. Hufuta meno ya mashine kwa spiriti mbele ya macho yako, bila kuombwa, na wembe wake ni mpya au haupo. Katika mkoa wenye tarakimu tuliyoitaja hilo la wembe halihitaji maelezo.

Hayo yote yaweza kuandikwa katika karatasi moja, mama akaisoma. Lakini kuna lisiloandikika. Mtoto wa kiume katika nchi yetu, apelekwapo kwa kinyozi, hupelekwa kwa watu. Hukaa kwenye benchi akasikia watu wazima wakibishana juu ya Simba na Yanga, akasikia mzaha, akatumwa kuchukua chenji, akajiona katika kioo kile kile wanachojitazama wanaume wanaofanana naye. Mtoto anayelelewa na wazazi wasiofanana naye ana haja ya benchi lile kuliko mwenzake, kwa maana nyumbani kwake kila kioo humwonyesha kuwa yeye ni wa peke yake.

Haya hayakuanza kwetu. Marekani, mwaka 1972, chama cha taifa cha maafisa ustawi wa jamii Weusi kilitoa tamko kali la kupinga watoto Weusi kupewa wazazi Wazungu, kikihofu kwamba watoto watakua bila kujijua. Mwaka 1994 sheria ya nchi hiyo ikageuza upepo, ikazuia mtoto kucheleweshwa au kunyimwa familia kwa sababu ya rangi. Mabishano hayajesha hadi leo. Sisi hatuoni kwamba mtoto asiye na mtu aachwe bila mtu kwa kuwa anayemtaka ana nywele za singa. Ila tunaona kwamba waliohofu mwaka 1972 hawakuhofu kitu cha kuwazika. Uingereza, yenye mamia kwa maelfu ya watu wenye kipilipili, ilingoja hadi mwaka 2021 ndipo viwango vya taifa vya mafunzo ya ususi vikawataka wanagenzi wote wajifunze nywele za aina zote. Mtoto wa Njombe akihamia na wazazi wake katika kijiji cha Ulaya, kinyozi wa kumfaa huenda akawa mwendo wa saa nzima kwa treni. Asipozoeshwa kiti cha kinyozi hapa, huko hatakizoea.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 20 kwamba mtoto anapopewa malezi nje ya familia yake, asili yake ya kabila, dini, utamaduni na lugha itazamwe ipasavyo. Ibara hiyo hiyo inaitaja kafala kwa jina lake. Ndugu zetu wa visiwani wanaielewa vizuri: mtoto hulelewa, hulishwa, husomeshwa, na hanyang'anywi nasaba yake. Tunauliza tu, je, nywele si sehemu ya nasaba hiyo? Ni nani kati yetu asiyejua kwamba akika ya mtoto siku ya saba huenda pamoja na kunyolewa, na nywele zile kupimwa uzito, sadaka ikatolewa kwa kadiri ya uzani wake wa fedha? Hatujapata kuona watu wenye kuuheshimu unywele wa kwanza wa mtoto kuliko watu wa mwambao.

Na bado ni sisi hao hao. Katika nyumba moja ya Ng'ambo au ya Mji Mkongwe utakuta ndugu wa baba mmoja, huyu ana singa, yule kipilipili, na shangazi anapopita husema bila kujua anachosema, 'huyu amepata nywele nzuri.' Mwenye kipilipili amesikia. Basi tusimwoneshe kidole mama wa Njombe kwa kitana chake, ilhali vitana vya namna hiyo tunavyo ndimini. Hata shuleni, amri ya kupunguza nywele mara nyingi humwangukia mwenye kipilipili, na mwenye singa akaambiwa azifunge tu.

Wapo watakaosema: mnyoeni upara, yaishe. Upara ni nafuu, ni safi, na watoto wengi wa nchi hii hunyolewa hivyo siku ya Jumapili kabla shule haijafunguliwa, wakacheka. Hatuna ugomvi na upara. Ila mtoto anayenyolewa kwa kuwa wenziwe wote wamenyolewa si sawa na mtoto anayenyolewa kwa kuwa mlezi wake anaziogopa nywele zake, naye mtoto huijua tofauti hiyo mapema kuliko tunavyodhani.

Tunaloomba kwa ofisi za Ustawi wa Jamii, Bara na Visiwani, halihitaji bajeti. Katika ile miezi ya uangalizi, afisa anapokwenda nyumbani kwa mlezi mgeni, avue kofia ya mtoto. Amwulize mlezi: nani anamnyoa, au kama ni msichana, nani anamsuka? Kama jibu ni 'mimi mwenyewe', amtafutie jirani anayejua, amtambulishe, na aandike jambo hilo katika jalada pamoja na idadi ya vyumba. Nao vinyozi na wasusi, tafadhali, bei ya mtoto ni bei ya mtoto. Aliyeketi kitini ni mwana wa nchi hii, awe amekuja na nani. Na walio mlangoni wakitazama waambiwe wakatazame mengine.

Mwezi wa Septemba tulipita tena Makambako, tukarudi kwa kinyozi yule, safari hii kwa haja ya vichwa vyetu. Tulimwuliza habari za mtoto. Alikwisha kuja mara mbili, akatuambia. Mabaka yamepona, nywele zimeota. Mara ya kwanza alitaka apunguzwe pande zote mbili na juu ziachwe, kama za kijana anayeuza vocha hapo nje. Mama yake alisita kidogo, kisha akaenda kukaa kwenye benchi. Mara ya pili mtoto alilipa mwenyewe, shilingi 2,000, akasimama pale pale mpaka akapewa chenji yake.