Masomo ya migini yetu: tuanzie wapi?

Watu wakiongea juu ya masomo ya migini, neno la kwanza ni mabati. Wanataja ukuta ulioanguka, majani yanayovuja, watoto wanaokaa juu ya matofali. Hayo yote ni kweli. Lakini ukuta mzuri haumfundishi mtoto kusoma. Pengine nyumba ya masomo imepakwa rangi na bendera inapepea mbele yake, lakini ndani watoto wa kalasi ya sita hawawezi kusoma barua ya baba yao. Banki ya Dunia imekadiria kwamba katika Kongo yetu, watoto 97 kwa mia wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kufahamu masimulizi mafupi. Basi tuulize vizuri: ni nini inayokosekana, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?

Ulizo hili linatuhusu sana. Mwanaseminari wa leo kesho atapewa parokia, na pamoja nayo masomo mengi ya migini. Afadhali afikiri mapema.

I. Namna tulivyofika hapa

Katika mwaka 1906 Kiti Kitakatifu na Leta ya Leopold II walifanya mapatano: misioni zitapewa mashamba, nazo zitafungua masomo. Tangu siku zile masomo ya migini yalikuwa karibu yote mikononi mwa misioni, na mara nyingi katekista ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mgini. Kolwezi na penginepo, watoto wa wafanyakazi wa Union Minière walipata masomo ya matofali, vitabu na walimu wenye diploma. Watoto wa migini walipata mara nyingi kalasi mbili tu chini ya majani. Tofauti ile haijafutika mpaka leo.

Mwisho wa mwaka 1974 Leta ilitwaa masomo yote. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ikaandikiana mapatano mapya na Makanisa: masomo ni ya Leta, Leta inalipa walimu na kupanga programu, lakini Kanisa linayaongoza. Baadaye, katika miaka ya 1990, Leta ilishindwa kulipa. Wazazi wakaanza kulipa walimu kwa franga zao. Hivyo masomo hayakufungwa, lakini maskini walifukuzwa, na wasichana ndio waliorudi nyumbani wa kwanza.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ya Leta ni ya bure na ya lazima. Neno hilo lilianza kutekelezwa kweli mwezi wa tisa 2019. Watoto wakajaa. Mambo kama hayo yalikwisha kuonekana Uganda tangu 1997, na Kenya tangu 2003: mlango ukifunguliwa, watoto wanaingia kabla ya viti, vitabu na walimu. Tena hapa kwetu, walimu wengi walioishi kwa franga za wazazi hawakuwa katika orodha ya Leta. Wakabaki mikono mitupu. Shida tunayoiona leo inatoka hapo.

II. Jambo la kwanza: kalasi ya kwanza

Desturi yetu ni gani? Mwalimu hodari anapewa kalasi ya sita, kwa sababu ya mtihani wa mwisho. Kalasi ya kwanza, yenye watoto wengi kupita zote, anapewa mwalimu mgeni asiye na uzoefu. Hiyo ni kujenga nyumba kwa kuanzia na mabati. Mtoto asiyejua kusoma mwisho wa kalasi ya pili ataandika ubaoni miaka minne mingine bila kufahamu, kisha ataacha. Mti hukunjwa ungali mbichi. Direkta mwenye akili atampeleka mwalimu wake bora kule chini.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa Kapanga au Sandoa anaongea Uruund nyumbani, wa Dilolo mara nyingi Kichokwe, wa Lubudi Kisanga ao Kiluba. Tangu 1962 tuliamriwa kufundisha kwa Kifransa toka kalasi ya kwanza, na desturi hiyo ingali na nguvu, ijapo sheria ya masomo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za nchi. Mtoto akijifunza herufi ndani ya lugha asiyoisikia, anabeba mizigo miwili kwa mara moja. Aanze kusoma kwa lugha anayoifahamu. Kiswahili kitamfaa pale watoto wanapokisikia kila siku. Penginepo mwalimu asione haya kueleza kwa lugha ya mgini. Kifransa kitakuja, na kitakuja upesi zaidi kwa mtoto anayejua tayari kusoma.

Kenya wameonyesha njia. Tangu mwaka 2015, katika mpango unaoitwa Tusome, kila mtoto wa kalasi za chini alipewa kitabu chake, mwalimu akapewa kitabu cha kumwongoza somo kwa somo, na wakaguzi walifika ndani ya kalasi kumsaidia, si kumtisha. Watoto walisoma vizuri zaidi kuliko mbele. Sisi hatuna mali ile. Lakini direkta anaweza kila mwezi kuita watoto kumi, kuwasomesha mmoja mmoja, na kuandika ndani ya daftari: wangapi wamesoma, wangapi wameshindwa. Daftari hilo lisemwe mbele ya wazazi.

III. Jambo la pili: mwalimu

Mwalimu mwenye njaa anafundisha nusu ya siku, nusu nyingine yuko shambani ao kwenye shimo la madini. Tusimhukumu upesi. Kwanza tuulize: jina lake liko katika orodha ya Leta? Karatasi zake zilitumwa? Zimekwama kwa nani? Mara nyingi hakuna anayefuata. Hiyo ni kazi ya kiongozi wa masomo, na padri wa parokia asione kuwa ni kazi ya dunia tu. Kufuatilia mshahara wa haki ni kazi ya haki.

Mgini nao unaweza kitu. Unaweza kumjengea mwalimu nyumba na kumpa kipande cha shamba. Lakini watoto wasigeuzwe wafanyakazi wa shamba lile. Julius Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea katika mwaka 1967, alitaka mtoto ajifunze kazi na kuiheshimu. Mahali pengi shamba la masomo lilibaki jembe tu, bila somo.

Hapa linakuja jaribu kubwa. Direkta anamwambia padri: "Baba padri, tuombe franga kidogo tu kwa kila mtoto, ama sivyo walimu watakimbia." Tujibu nini? Hofu yake ni ya kweli. Lakini "kidogo tu" kwa mama mwenye watoto watano si kidogo, na siku atakaposhindwa, mtoto wake atasimama nje. Sheria inakataza, na tena Kanisa haliwezi kufundisha habari ya maskini huku likimfukuza mtoto wa maskini. Wazazi wakitaka kumsaidia mwalimu kwa mapenzi yao, kwa unga ao kwa kazi ya mikono, ni vema. Kiti cha mtoto kisihusike kamwe na msaada huo, na kila kitu kiandikwe wazi.

IV. Jambo la tatu: mtoto asiyekuja

Ndani ya Manika na kando ya Kolwezi watoto wengi wanaosha mawe ya kobalti ao wanaokota mabaki ya wachimbaji. Mbali zaidi wanalinda shamba, ao msichana anabeba mdogo wake mama akienda kulima. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inalinda mtoto na kazi za hatari namna hii. Lakini mama akiuliza, "Leo atakula nini?", kumsomea sheria si jibu.

Katekista ana nafasi nzuri hapa, kwani anajua kila nyumba. Mwalimu aandike majina kila asubuhi; mtoto akikosa siku tatu, katekista aende kwao. Asiende kugombeza, aende kuuliza. Pengine ni njaa, pengine ni ugonjwa, pengine mtoto alipigwa na mwalimu. Kila sababu ina dawa yake.

V. Jambo la nne: mali ya shaba

Watu wanasema: "Hatuna franga." Lakini tunakaa juu ya shaba na kobalti. Sheria ya madini, iliyogeuzwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inagawanya ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa Leta kuu, 25 kwa provinsi, 15 kwa komine, sekta ao usultani pale madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa siku zijazo. Tena kampuni inapaswa kutoa sehemu isiyopungua 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa karibu.

Basi wazazi, direkta na sultani waandike barua yenye maulizo matatu: Mwaka huu sekta yetu imepokea kiasi gani? Masomo yamepata sehemu gani? Nani ameiangalia kazi? Barua haina matusi wala siasa. Migini isiyo na mgodi haipati sehemu ile ya 15. Kwa ajili yao tuulize kwenye provinsi.

Ndugu wasomaji, Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko juu ya malezi ya Kikristu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na wengine ni wasaidizi wao. Nasi ni wasaidizi. Ukienda mgini kutoa Misa ao kufundisha katekisimu, usiishie kanisani. Ingia ndani ya kalasi ya kwanza, mwite mtoto anayekaa nyuma kabisa, mwombe akusomee mstari mmoja. Akishindwa, keti na mwalimu wake, na mwanzie kazi hapo.