Damu katika choo: dawa gani inazima moto wa matumbo?

Ndugu msomaji, kuna magonjwa ambayo kila mtu anataja bila haya. Malaria, kifua, kichwa, mgongo: tunayataja hata tukiwa barabarani. Lakini mtu akiona damu katika choo, ananyamaza. Kijana anawaficha wazazi, baba anamficha mama. Na wakati mdomo umefungwa, ugonjwa unafanya kazi yake. Mwezi huu tuongee juu ya jambo hili wazi, kama watu wa nyumba moja.

Fikiri jamaa moja ya kambi ya wafanyakazi. Labda unajua jamaa kama hiyo. Kijana wao ana miaka 22, anachimba. Siku moja anamwambia mama yake: «Mama, tumbo iko naniuma. Usiku naenda ku choo mara tano.» Mama anajibu: «Utakuwa ulikula kitu kibaya kule kwenu ku kazi.» Wananunua dawa ya amiba sokoni, bila kupima. Damu inapunguka siku tatu, halafu inarudi. Sasa magoti pia yanamuuma, basi rafiki anamletea diklofenak. Tumbo linazidi. Jirani anasema: «Huyu mtoto wamemuloga.» Kijana anakonda, suruali inamwanguka.

Mwishoni anakuja mtu na kinini kidogo kidogo, wanaita «dexa». Siku tatu tu, kijana anaamka! Anakula bukari, anacheka, mashavu yanajaa. Kambi yote inasema amepona. Nyuma ya mwezi mmoja na nusu, pesa ya kununua dexa inakwisha. Anaiacha mara moja. Wiki haijaisha, wanambeba mpaka hospitali, hawezi hata kusimama.

Ile dexa ilikuwa dawa, ao haikuwa dawa? Jibu litakushangaza: ilikuwa dawa ya kweli, tena yenye nguvu, lakini ilitumiwa kipofu. Tuone sababu.

MOTO USIO NA MOSHI

Ukijikata mkono, pale penye kidonda panakuwa pekundu, panavimba, panakuwa na moto, panauma. Hawa ni askari wa mwili wanapigana na mikrobi. Vita ikiisha, askari wanarudi nyumbani. Lakini kwa watu fulani askari hawarudi. Wanabaki ndani ya matumbo na kupiga nyumba yao wenyewe. Ngozi ya ndani ya utumbo inavimba, inapata vidonda, inatoka damu na usaha.

Waganga wanajua magonjwa mawili makubwa ya namna hii. La kwanza ni kolitisi ya vidonda: linashika utumbo mkubwa tu, tena karibu sikuzote linaanzia chini, penye njia ya kutokea choo. Munganga Samuel Wilks wa London aliandika juu yake katika mwaka 1859. La pili linaitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Burrill Crohn wa hospitali Mount Sinai ya New York, aliyeuandika pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer katika mwaka 1932. Huu unaweza kushika mahali popote toka kinywa mpaka chini, na unaingia ndani zaidi katika ukuta wa utumbo.

Mara nyingi magonjwa haya yanaanza katika ujana. Alama zake: kuhara kwa wiki nyingi, damu, kuamka usiku kwenda choo, maumivu ya tumbo, kukonda, uchovu. Wengine wanapata pia maumivu ya viungo, macho mekundu, ao vidonda vya kinywa. Hayaambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye kitanda kimoja. Wala si ulozi. Ni askari wa mwili waliokosa adabu.

KWANZA PIMA, HALAFU DAWA

Sasa sikiliza vizuri, juu hapa ndipo wengi wanaanguka. Huku kwetu, damu nyingi katika choo haitoki kwa magonjwa haya mawili. Inatoka kwa amiba, kwa mikrobi za kuhara damu, kwa bilharzia. Kifua kikuu nacho kinaweza kuingia matumboni na kufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Kwa macho tu, hata munganga mwenye akili hawezi kutenganisha.

Kwa hiyo anaomba kwanza kupima choo na damu. Mikrobi zisipoonekana na ugonjwa ukiendelea, mgonjwa anatumwa kwenye hospitali kubwa. Huko wanaingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya choo, wanatazama utumbo na kukata kipande kidogo sana cha kupima. Vijana wanaogopa hii. Haya ni kitu kigumu, kweli. Lakini mpira huo ni wa saa moja, na ugonjwa usiojulikana ni wa miaka.

Juu ya nini kusumbuka hivyo? Sababu dawa zinazozima moto wa matumbo zinalaza askari wa mwili. Kama ndani kuna amiba ao kifua kikuu, umemfungulia adui mlango. Hata minyoo midogo inayoitwa strongiloidi, ambayo mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi bila kujua, inaweza kuenea mwili mzima na kuua ikiwa mtu anakunywa dawa kama dexa.

DAWA ILIYOKUJA KWA NJIA INGINE

Dawa ya kwanza iliyosaidia kolitisi haikutengenezwa juu ya tumbo. Katika Uswidi, mama mmoja munganga, Nanna Svartz, ambaye katika mwaka 1937 alikuwa mwanamke wa kwanza wa inchi yake kuwa profesa wa uganga, alikuwa anatafuta dawa ya ugonjwa wa viungo. Kwa kuunganisha dawa mbili, moja ya jamii ya aspirini na ingine ya sulfa, ilipatikana sulfasalazini. Akaona kwamba wagonjwa wenye kolitisi wanapata nafuu. Habari hiyo ilitoka katika miaka ya 1940.

Inafanya kazi namna gani? Kinini kinapita tumbo la juu kikiwa kizima. Kikifika katika utumbo mkubwa, mikrobi zinazoishi pale siku zote zinakikata vipande viwili. Katika mwaka 1977 waganga wa Oxford walionyesha kwamba kipande kinachozima moto ni kile cha jamii ya aspirini. Toka hapo wakatengeneza mesalazini, ambayo ni kile kipande pekee, bila sulfa. Lakini sulfasalazini haijafutwa: ingali katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ile tunaita OMS.

Ujue mambo haya:

– Haina haraka. Inaweza kuomba wiki mbili mpaka nne mbele ya kuonyesha nguvu. Usiitupe siku ya tano.

– Inafaa kolitisi kuliko ugonjwa wa Crohn. Mgonjwa wa kolitisi akipata nafuu, anaendelea kuimeza ili moto usirudi.

– Kama Fansidar ao Bactrim ilikupa siku moja vipele vikali ao vidonda vya kinywa, mwambie munganga mbele ya kuanza. Nazo zina sulfa.

– Mkojo unaweza kuwa na rangi ya machungwa. Usiogope. Meza kinini baada ya kula, kunywa maji mengi.

– Kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu za uzazi kwa muda. Ukiacha dawa, nyuma ya miezi michache zinarudi. Baba anayetaka mtoto aongee na munganga. Asiache dawa kwa siri, wala asimwonee bibi yake.

– Inakula asidi ya foliki ya mwili. Kwa hiyo munganga anaongeza vinini vya foliki, zaidi sana kwa mama mwenye mimba. Tena anaomba kupima damu mara kwa mara.

DEXA NA NDUGU ZAKE

Sasa turudi kwa yule kijana. Dexa, yaani deksametazoni, ni ndugu ya prednisoloni na kortizoni. Katika mwaka 1955 waganga wawili wa Oxford, Truelove na Witts, waliandika matokeo ya kujaribu kortizoni kwa watu 210 wenye kolitisi. Waliopewa kortizoni walipata nafuu wengi kuliko wengine, na waliokufa walikuwa wachache zaidi. Toka siku hiyo, ugonjwa ukiwaka kwa nguvu, munganga anatumia dawa za jamii hiyo, mara nyingi prednisoloni. Zinafanya kazi kwa siku chache.

Lakini hii ni maji ya kuzimia moto, si ukuta wa kuuzuia usirudi. Haifai kumezwa mwaka mzima. Ukiendelea nayo inavimbisha uso, inapandisha tansio na sukari, inalegeza mifupa, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Yale mashavu ambayo kambi ilisifu hayakuwa afya! Dada zetu wanaonunua dexa sokoni ili wanenepe, hata bila ugonjwa, wanalipa pesa ili kujiharibu.

Na kuna jambo la pili. Mwili wenyewe unatengeneza kortizoni yake kila siku. Ukiimeza kwa wiki nyingi, mwili unalala: «Juu ya nini nifanye kazi, wanaleta ya bure?» Ukiacha mara moja, mwili haujaamka, na mtu anaweza kuanguka na kufa. Kwa hiyo munganga anashusha kinini polepole, wiki kwa wiki. Yule kijana hakuangushwa na ugonjwa peke yake. Aliangushwa pia na kuacha ghafula.

Kuna dawa zingine kwa wale ambao hizi hazitoshi: azatioprini, ambayo inaomba kupima damu mara nyingi, na infliksimabu, inayopitishwa katika mshipa. Hii ilikubaliwa katika Marekani kwa ugonjwa wa Crohn katika mwaka 1998. Ni ghali sana, tena mbele ya kuitoa wanatafuta kifua kikuu kwanza. Na mara ingine, ugonjwa ukishinda dawa zote, mpasuaji anatoa sehemu ya utumbo. Watu wanaishi baada ya hapo, wanafanya kazi, wanazaa.

JINA MOJA, KAZI MBILI

Diklofenak, ibuprofeni, indometasini, aspirini: nazo zinaitwa dawa za kupunguza moto wa mwili. Wachimbaji wengi wanazimeza kila jioni juu ya mgongo na mabega. Lakini kwa matumbo yenye ugonjwa huu, zinaweza kuwasha moto tena. Hata kwa mtu mzima zinaweza kutoboa tumbo. Kwa hiyo usiseme: «Sulfasalazini imekosa, nipe diklofenak, ni jamii moja.» Kwa maumivu ao homa, parasetamoli ni afadhali, kwa kipimo kilichoandikwa.

Na chakula? Hakuna chakula kimoja kinacholeta ugonjwa huu, wala kinachouponyesha. Wakati wa kuhara sana, kula laini: uji, wali, bukari laini, yai, samaki. Maharagi na majani magumu yangoje kidogo. Kunywa maji safi yenye chumvi na sukari ya pakiti. Nafuu ikija, kula kama wengine.

USINGOJE KESHO

Peleka mgonjwa hospitali leo, hata usiku, kama anaenda choo chenye damu mara sita ao zaidi kwa siku na ana homa ao moyo unapiga mbio, kama tumbo limevimba na kuwa gumu, kama anazimia, ao kama alikuwa anameza dexa na ameacha. Chukua boksi za dawa zote alizomeza, hata zile za sokoni, hata za mizizi. Usifiche kitu. Munganga hakuja kukuhukumu, anataka kujua anapigana na nini.

Tunajua, ndugu msomaji, kwamba si kila mtu katika Kolwezi, Likasi ao Kipushi ana kampuni ya kumlipia hospitali. Mchimbaji wa mikono analipa kwa mfuko wake. Lakini hesabu pamoja nasi: dawa ya amiba mara tatu, diklofenak, dexa ya mwezi na nusu, mtu wa mizizi. Ile pesa ingeanza na kupima choo. Umaskini haukumzuia yule kijana kutumia pesa. Haya na haraka zilimfanya aitumie vibaya. Na kusali kwa ajili ya mgonjwa hakukatazi kumeza dawa. Yeyote anayekuambia «tupa vinini, umeshapona», mwombe aende nawe kwa munganga kuyasema hayo mbele yake.

Yule kijana wa mfano wetu anaweza kupona moto wake. Atabaki na ugonjwa uliolala, sawa mbwa aliyefungwa: unamlisha dawa yake kila siku, halafu unaendelea na kazi zako. Lakini yote inaanza siku ile anaposema neno moja gumu: «Mama, naona damu.»

Jioni ya leo, mbele ya kulala, waulize watoto wako: «Mtu wa hapa akiona damu katika choo, ataniambia?» Kama wananyamaza, basi anza wewe kuongea.