Mkubwa wa Shantie: Kazi Yake Ni Nini Kweli?

Katika miji yetu ya madini, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, nyumba zinajengwa kila siku. Vijana wakipita wanaona mtu mmoja amesimama, kofia ngumu kichwani, karatasi mkononi. Hashiki mwiko, habebi tofali. Wanasema: « Ule kazi yake ni kutuma bengine tu! » Na wengi wanatamani kuwa kama yeye. Lakini tuulize: mtu yule anafanya nini? Na asipofanya vizuri, nani analipa?

Mara nyingi wanaolipa ni wengine. Mwenye nyumba analipa kwa feza yake, na mfanyakazi analipa kwa mwili wake.

Kuhesabu mbele ya kuanza

Kazi ya kwanza ni hesabu. Inafaa asome plani vizuri, kiisha apange devi: sima, tofali, vyuma, mbao, manjanja na mishahara ya watu. Hapa hakuna kubahatisha. Kwa beto yenye vyuma ndani, desturi ni kilo 350 za sima kwa meta kibe 1, ni kusema mifuko 7 ya kilo 50. Kama nguzo na mihimili inaomba meta kibe 4, basi ni mifuko 28. Mkubwa anayeandika mifuko 18 ili mwenye nyumba afurahi, amemdanganya. Siku moja feza itaisha na nyumba haina manjanja. Ao beto itachanganywa na sima kidogo, na hiyo ni mbaya zaidi, maana macho hayaioni.

Tena anahesabu siku. Kwetu mvua inakuwa nyingi toka mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu. Mtu wa akili anachimba fondasio wakati wa kiangazi, na anataka manjanja yawe juu mbele ya mvua kubwa. Tofali ambazo hazikuchomwa vizuri zikikuta mvua bila paa, zinayeyuka.

Lakini kuna siku zisizoweza kupunguzwa. Beto haikauki kama nguo juu ya kamba. Inapata nguvu pole pole, na inaomba maji: inafaa kuimwangia maji kila siku, siku 7 hivi. Mainjeniere wanapima nguvu yake siku ya 28. Mwenye nyumba akisema: « Shefu, tosha mbao leo, nataka niingie mbele ya Noeli! », ni kazi ya mkubwa kujibu: « Hapana, baba, tungojee. »

Kuwa pale, na kuweza kusema « Simameni! »

Tusikie habari ya daraja la chuma lililojengwa huko Quebec, inchi ya Kanada, juu ya mto Saint-Laurent. Injeniere aliyekuwa na neno la mwisho, Theodore Cooper, alikuwa mzee na mgonjwa, akakaa New York, mbali na shantie. Nafasi kati ya nguzo mbili kubwa ilikuwa imeongezwa, toka meta 488 hivi mpaka meta 549, lakini uzito wa daraja haukuhesabiwa upya kwa wakati wake.

Mwezi wa nane 1907, vyuma vya chini vikaonekana vinapinda. Injeniere kijana wa pale, Norman McLure, akatoa habari. Wakubwa wakabishana, wengine wakasema vilikuwa vimepinda tangu zamani. Mwisho McLure akapanda treni mpaka New York. Tarehe 29, Cooper akatuma telegramu: msiongeze uzito tena juu ya daraja. Lakini aliituma kwa kampuni iliyotengeneza vyuma, huko Pennsylvania, si kwa shantie. Kule Quebec watu waliendelea kutumika. Jioni ile, karibu na saa ya kuacha kazi, daraja likaanguka mtoni. Watu 75 wakafa. 33 kati yao walikuwa Wamohawk wa Kahnawake, kijiji kimoja tu. Fikirini kilio cha kijiji kile.

Tuangalie vizuri. Alama ilionekana, na aliyeiona alisema. Lakini pale kwenye kazi hakuna aliyejihesabu kuwa na amri ya kusimamisha watu. Mkubwa wa shantie ni mtu yule wa kusema « Simameni! » siku ileile, hata kama mwenye feza atakasirika.

Kuchunga watu na vitu

Shimo likifika kimo cha kifua cha mtu, kuta zake zizuiliwe na mbao, na udongo uliotoka usiwekwe karibu na mdomo wa shimo. Na katika miji kama Kolwezi, ambamo watu walichimba madini hata chini ya nyumba, mkubwa anauliza kwanza wazee wa mtaa: « Hapa chini kulichimbwa? »

Sima inalala juu ya mbao, si chini, na mifuko ya zamani inatumiwa kwanza. Kila jioni anaandika katika kaye: nani alikuja, mifuko ngapi iliingia, ngapi ilitumiwa. Kaye inamlinda yeye mwenyewe siku ya maneno. Na siku ya mshahara ikifika, alipe. Mtu mwenye njaa anachanganya beto vibaya, ao anaondoka na mfuko usiku.

Vijana, muanzie wapi?

Anzeni kwa kusaidia masoni. Mjifunze kamba, timazi na kipimo cha maji. Mjue kupima kona: meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, kati ya alama mbili ikiwa meta 5 kamili, kona ni sawa. Kiisha kuna masomo ya ufundi ya sekondari, na kwa wenye kuendelea, kama INBTP ya Kinshasa. Wasichana pia: hesabu haiulizi kama wewe ni mwanamume ao mwanamke.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Sisi tukijenga, tunamwomba fundi atuambie bei ya kweli, ao bei ya kutufurahisha?
2. Katika kazi yetu, mdogo akiona hatari, nani anamsikiliza?
3. Ni wakati gani tulilazimisha mtu afanye mbio kazi isiyopenda mbio?